Rojo Lililolala Baridini: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Wafo za Hamira

Toleo lililopita nilieleza jinsi ninavyopika wafo za hamira (waffles, zile zenye vishimo zinazobanwa kati ya vyuma viwili vya moto) hapa nyumbani kwangu Isanga, Mbeya: rojo linakorogwa Ijumaa usiku, linalala, Jumamosi asubuhi linaingia kwenye chuma cha moto. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika, na barua kadhaa za karatasi zimepitia ofisi ya jarida. Nimesoma zote. Hapa nimechagua zile zenye maswali ninayojua yanawasumbua wengi, na ile ya Makambako nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu inagusa jambo ambalo natamani kila mpishi wa nyanda hizi alielewe.

Kwa aliyekosa toleo lile, vipimo ni hivi. Tumia kikombe cha kupimia cha mililita 250. Usiku: maziwa kikombe kimoja na robo tatu, yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, siagi gramu 100 iliyoyeyushwa, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai, kisijae, unga wa ngano vikombe viwili, hamira ya chembe ndogo kijiko kimoja cha chai. Koroga kwa mwiko hadi madonge yaishe, funika kwa sahani, acha. Asubuhi: mayai mawili yaliyopigwa, na robo kijiko cha chai ya bekingi soda. Rojo linakuwa jepesi, linakaribia lile la chapati za maji. Usiogope wala usiongeze unga.

Shikamoo mama. Nilifuata kila kitu ulichoandika. Nilikoroga saa tatu usiku, nikafunika, nikaweka juu ya kabati. Saa moja asubuhi rojo lilikuwa palepale nilipoliacha, na siagi imeganda juu kama vipande vya nta. Niliumia sana maana nilikuwa nimewaalika majirani wawili. Nilikosea wapi?
— Mama wa watoto watatu, Makambako

Marahaba mwanangu, na pole. Najua uchungu wa kualika watu halafu jiko likakugeuka.

Ile siagi iliyoganda ndiyo iliyonipa jibu. Siagi iliyoyeyushwa haigandi ikikutana na maziwa ya vuguvugu. Inaganda ikikutana na maziwa ya baridi. Nadhani ulichemsha maziwa jioni mapema, ukayaweka kando wakati unalaza watoto, na Makambako ya mwezi wa saba haihitaji muda mrefu kuyafanya yawe baridi kama maji ya kisima. Rojo lako lilianza safari likiwa la baridi, likaingia kwenye usiku wa baridi, na hamira haikupata hata nusu saa ya kuamka.

Hamira ni kiumbe hai. Ni kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula sukari iliyomo ndani ya unga na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo viputo unavyoviona. Wanachangamka sana kwenye nyuzi 27 hadi 35 hivi za Selsiasi. Ukiwashusha hadi nyuzi 4, joto la ndani ya jokofu, wanakaribia kusimama kabisa, ila hawafi. Ukiwapandisha hadi karibu nyuzi 60, hao wamekufa na hawarudi.

Sasa, mapishi mengi ya wafo za namna hii yanasema liache rojo mezani usiku kucha. Mezani kwa nani? Meza ya mtu wa Dar es Salaam na meza yangu mimi si meza moja. Jiko langu halina dari, ni bati tupu. Asubuhi moja ya mwezi wa sita niliweka kipimajoto pembeni ya sufuria, nikakuta nyuzi 11. Hiyo ni ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Kwenu Makambako, Njombe na Makete mnajua wenyewe hali inavyokuwa umande unapoganda kwenye majani.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kulipa rojo mwanzo wa joto, kisha kuliacha liende na baridi. Maziwa yawe vuguvugu kweli wakati wa kukoroga. Sufuria uipashe kwa maji ya moto kabla ya kumimina, kwa sababu sufuria ya baridi inanyonya joto lote. Ukishafunika, iweke kwa dakika 45 hivi karibu na jiko la mkaa lenye majivu ya moto. Nasema karibu, si juu yake. Au iviringishe blanketi. Wenye kapu lile la kuhifadhi joto la chakula wana bahati, linafanya kazi hii vizuri kuliko kitu kingine. Chungulia. Ukiona viputo vichache vinapasuka juu ya rojo, hamira imeamka. Hapo unaweza kwenda kulala, uiache kwenye ubaridi wa jikoni hadi asubuhi.

Na baridi hiyo si adui. Rojo linaloumuka polepole kwa saa tisa au kumi linapata muda wa kutengeneza uchachu mdogo na harufu ya mkate mzuri, vitu ambavyo huwezi kuvipata kwa rojo la saa moja lililorundikiwa hamira. Wenzetu wa joto wananunua jokofu ili wapate kitu ambacho sisi tunapewa bure kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane. Ndiyo maana nakusihi usiongeze hamira kwa hasira. Hamira nyingi inaleta harufu ya pombe na rojo linalopanda haraka kisha kuanguka. Tena sisi tuko juu: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Njombe ni juu zaidi. Hewa huku ina mgandamizo mdogo, viputo vinatanuka kwa urahisi. Hamira ikishachangamka, rojo la huku linapanda kuliko unavyotarajia, kwa hiyo sufuria iwe kubwa mara tatu ya rojo lenyewe.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, na mimi nililifanya. Mwaka 1989 nilikuwa mpishi msaidizi kwenye nyumba ya wageni ya shamba moja la chai Mufindi. Chuma chetu cha wafo kilikuwa kizito, cha mipini miwili mirefu, kinawekwa juu ya moto na kugeuzwa kwa mkono. Usiku mmoja wa ukungu niliogopa rojo halitaumuka, nikamimina maziwa yakiwa bado yanatoa mvuke. Asubuhi wageni wanane walikuwa wameketi, na ndani ya sufuria kulikuwa na uji mzito uliokufa, hauna hata kiputo. Mpishi mkuu, mzee wa Kihehe, hakunifokea. Alipasha maziwa mengine, akashika mkono wangu, akadondoshea tone kwenye kifundo. Akasema, "Maji usiyoweza kumwogeshea mtoto mchanga, usimwogeshee hamira." Tangu siku ile hicho ndicho kipimajoto changu: tone juu ya kifundo cha mkono, usilisikie kuwa la moto wala la baridi.

Likikutokea tena, usimwage. Weka sufuria ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, subiri dakika 45, koroga mara moja katikati. Siagi italainika na hamira iliyolala itaamka. Kama maziwa yalikuwa ya moto mno na hakuna dalili yoyote ya uhai, loweka kijiko kingine cha hamira kwenye maji vuguvugu yenye sukari kidogo. Ikitoa povu ndani ya dakika kumi, ichanganye kwenye rojo na usubiri saa moja. Majirani wako watangulize chai.

Mama, mimi niko Kyela. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta rojo limefurika, limeteremka mezani hadi chini, sisimizi wamejaa. Na lilikuwa na harufu ya pombe. Je, lingefaa kuliwa?
— Dada muuza mchele, Kyela

Ona sasa, mdogo wangu: barua mbili, rojo lilelile, umbali wa saa chache kwa basi. Kyela mko bondeni, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi tu. Usiku wenu ni joto ambalo hamira inalipenda.

Harufu ya pombe peke yake haina madhara, ni kazi ya hamira iliyofanya kazi kupita kiasi. Ila rojo la namna hiyo limekula sukari yake yote, na wafo zake zinatoka nyeupe, hazipati rangi. Nisichokubali ni maziwa kukaa kwenye joto la Kyela usiku kucha. Wewe fanya hivi: usiku koroga unga, hamira, chumvi na sukari kwa maji ya kawaida badala ya maziwa, hamira iwe robo kijiko cha chai tu. Anza saa tano usiku. Asubuhi ndipo uongeze siagi, mayai, bekingi soda na maziwa ya unga vijiko vinne vya chakula. Mwenye jokofu atumie maziwa kama kawaida, akoroge, aache nje nusu saa, kisha aweke ndani ya jokofu hadi asubuhi.

Na kwa wote, wa juu na wa bondeni: maziwa ya ng'ombe yaliyokamuliwa nyumbani yachemshwe kwanza hadi yapande. Kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe vinapita kwenye maziwa mabichi, na joto la mashine ya wafo halitakulinda kama ulionja rojo kwa kidole. Mayai nayo yabaki ndani ya ganda hadi asubuhi. Wengi mmeniuliza kwa nini nasisitiza hilo. Sababu ni hiyohiyo: yai bichi halikeshi kwenye uvuguvugu.

Mama habari za kazi. Wafo zangu zinaumuka vizuri lakini zinachanika vipande viwili nikifungua mashine. Zile zinazotoka salama naziweka kwenye hotpoti ili zisipoe, mpaka tukae mezani zimekuwa laini kama kitambaa. Nimekata tamaa kidogo.
— Mwalimu wa chekechea, Mafinga

Usikate tamaa mwalimu, uko hatua moja tu kutoka kwenye wafo nzuri.

Kuchanika: unafungua mapema. Taa ya mashine usiitegemee, tegemea mvuke. Ukimimina rojo, mvuke unatoka pembeni kwa nguvu; huo ni unyevu unaoondoka. Mvuke ukipungua hadi karibu kukoma, wafo imeiva, na mfuniko utainuka wenyewe bila kung'ang'ania. Kwenye mashine yangu ni dakika nne hadi tano. Ukiinua kidogo ukasikia unavutwa, uache dakika moja zaidi. Chuma kiwe na moto wa kutosha kabla ya wafo ya kwanza: dondosha tone la maji, likiruka na kukauka papo hapo, anza. Paka mafuta kwa brashi, hasa kwenye pembe za vishimo. Usikioshe kwa steelwool, utaondoa ile ngozi yake isiyogandisha. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kikiwa na uvuguvugu.

Hotpoti. Mwalimu, hotpoti ni rafiki wa chapati na adui wa wafo. Chapati tunataka iwe laini, kwa hiyo mvuke wake unapozunguka ndani ya hotpoti unaisaidia. Wafo tunataka ilie unapoiuma. Ukiifungia na mvuke wake, inaunywa wote. Mimi nazipanga kwenye waya wa kuchomea nyama, juu ya sufuria tupu yenye joto kidogo, hewa inapita chini na juu. Hazirundikwi. Ikiwa imeshalainika, irudishe kwenye mashine ya moto kwa sekunde 30 au 40, itakauka tena. Watoto wa Mafinga walio na mwalimu anayefikiria kifungua kinywa hivi wamebarikiwa.

Kamwene mama. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Iringa. Mama yangu anasoma safu yako kila mara. Naomba kujua nani aligundua wafo na kwa nini zina vishimo?

Kamwene mwanangu. Msalimie mama.

Hakuna mtu mmoja unayeweza kumtaja. Huko Ulaya watu walikuwa wakibana rojo kati ya sahani mbili za chuma tangu enzi za kati, na Ubelgiji ndiko zilikopata sifa kubwa. Wafo ya Brussels ni ya rojo jepesi la hamira kama letu, nyepesi, yenye vishimo virefu. Ya Liège ni ya donge zito la hamira lenye punje za sukari ambazo zinaungua na kuwa tamu nje. Marekani, mtu aitwaye Cornelius Swartwout wa Troy, New York, alipata hataza ya chuma cha wafo cha kuweka juu ya jiko tarehe 24 Agosti 1869. Wafo za Kibelgiji zilipata umaarufu mkubwa huko baada ya kuuzwa kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964.

Vishimo vinaongeza eneo linalogusana na chuma, kwa hiyo unapata sehemu kubwa ya nje iliyokauka kwa kiasi kidogo cha ndani kilicho laini. Na vinashika asali. Jambo ninalolipenda ni kwamba jina lenyewe, wafo, kwa lugha za huko lina undugu na neno la Kijerumani la sega la nyuki. Ukiiangalia wafo juani utaona kwa nini.

Dada yangu, nakuheshimu, lakini nauliza kwa dhati. Tuna vitumbua, tuna maandazi, tuna mkate wa kumimina. Kwa nini tuhangaike na chakula cha watu wengine na mashine ya umeme juu yake? Umeme wenyewe unakatika.
— Baba wa familia, Uyole

Kaka yangu, swali lako nimelilalia siku mbili, na nakujibu kama mtu aliyeuza vitumbua miaka kumi na mmoja soko la Soweto hapa Mbeya. Watoto wangu wamesoma kwa vitumbua. Sitavisaliti.

Lakini hebu tazama ninachofanya usiku nikiandaa vitumbua. Nasaga mchele uliolowekwa, natia hamira na sukari, nafunika, nalaza. Asubuhi namimina rojo lililoumuka kwenye chuma chenye vishimo kilichopakwa mafuta. Sasa tazama wafo. Mkono uliozoea vitumbua tayari unajua wafo. Kinachobadilika ni unga na umbo la chuma. Nilipofika Mufindi nikiwa binti, kitu pekee ambacho hakikunitisha jikoni mule ni lile rojo, kwa sababu nililikuta likinuka kama la mama yangu.

Na ndugu hawa wawili wanaweza kukutana. Robo ya unga wa ngano, yaani nusu kikombe, badilisha na unga wa mchele wa Kyela. Mchele hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo wafo inatoka kavu zaidi nje, na inabaki hivyo kwa muda mrefu. Tia iliki iliyosagwa. Hiyo ndiyo ninayowapikia wanangu wakirudi nyumbani, na siwezi kukuambia ni chakula cha watu wengine.

Kuhusu umeme: mashine yangu ni ya wati 900. Nikiitumia dakika 40 mfululizo haiwezi kuzidi sehemu sita za kumi za yuniti moja (0.6), na kwa kweli ni chini ya hapo kwa kuwa inajizima na kujiwasha. Ukikatika katikati ya kazi, rojo hilohilo linakubali kikaango: paka mafuta, mimina upawa mmoja, moto mdogo, funika, geuza. Hazitakuwa na vishimo, zitakuwa nene na zenye vitundu kama chapati za maji zilizonona. Familia haitalala njaa. Mwenye kupata chuma cha mipini cha kuweka juu ya mkaa, akinunue bila kusita. Makaa yawe yametulia, yasiwe na ndimi, na chuma kipate moto pande zote mbili kabla ya rojo.

Naweza kuweka parachichi badala ya siagi? Tunayo mengi hadi yanaoza.
— Mkulima, Njombe

Ndani ya rojo, hapana. Nimejaribu mara mbili. Wafo inakuwa ya kijani, nzito, na haikauki nje. Liweke juu: liponde na chumvi, ndimu na pilipili kidogo, upake kwenye wafo isiyo na sukari, na yai la kukaanga pembeni. Hicho ni kifungua kinywa kinachomfikisha mtu shambani hadi saa nane mchana.

Bekingi soda sijaipata dukani, nina magadi ya mawe ninayopikia kande. Yatafaa?
— Msomaji, Chunya

Usiyatumie. Nguvu yake huwezi kuipima, utapata ladha ya sabuni. Bora usitie chochote, hamira inatosha kuinua wafo. Kazi ya bekingi soda hapa ni kupunguza uchachu wa usiku na kusaidia rangi ya kahawia, basi. Na kwa kuwa uko Chunya, asali unayo, na mimi nakuonea wivu mwema.

Ugonile mwanangu. Mimi ni mzee wa miaka 76, niko Tukuyu. Mke wangu aliitwa na Bwana mwaka juzi. Wanangu walioko Dar es Salaam wameniletea mashine ya wafo, na wajukuu wanne wanakuja Jumamosi ya kwanza ya likizo. Maishani sijapika kitu cha unga zaidi ya ugali na uji. Binti wa jirani alinisomea safu yako. Je, nitaweza? Na nianze lini?

Shikamoo baba. Ndaga fijo, asante sana, kwa kuniandikia. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na jibu ni kwamba utaweza, kwa sababu mtu anayejua kusonga ugali anajua kusoma unga kwa mkono, na hapa huhitaji hata nguvu ya kusonga.

Jumatano fanya nusu ya vipimo, ule peke yako au na huyo binti wa jirani. Utakuwa umeijua mashine kabla wageni hawajafika, na kama kuna kitu kitakwenda kombo, kitakwenda kombo siku isiyo na haraka.

Ijumaa, maziwa ya jioni yakifika, pima na uyachemshe kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Yachemke, yapande, uyatoe motoni, utie siagi humohumo iyeyuke. Kaa usikilize habari. Zikiisha, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono; Tukuyu kuna baridi na mvua, kwa hiyo huenda yakawa tayari hata kabla ya michezo, basi nenda katikati ukajaribu. Yakiwa vuguvugu, tia sukari, chumvi na unga, kisha hamira, koroga hadi usione unga mkavu. Vidonge vidogo viwili vitatu visikusumbue, vitayeyuka usiku. Funika. Iweke karibu na moto unaozimika wakati wa sala ya jioni, kisha isogeze pembeni ukalale. Usiamke kuichungulia. Itakuwepo.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu washa mashine. Fungua sufuria: utaona rojo limejaa vitundu kama povu la sabuni, pengine limepanda kisha kushuka kidogo katikati na kuacha alama kwenye ukingo. Ni sawa kabisa. Piga mayai mawili, tia na bekingi soda, koroga taratibu. Povu litapungua, usishtuke. Mimina upawa mmoja usiojaa katikati ya chuma, rojo litatambaa lenyewe. Ya kwanza mara nyingi inatoka na rangi ya kubahatisha. Hiyo kula wewe ukiwa umesimama, na chai, kabla watoto hawajaamka.

Kwa vipimo hivi utapata kama wafo nane, zinatosha watoto wanne na babu yao. Kata ndizi mbivu za nyumbani juu yake, mimina asali. Mmoja wa wajukuu mpe kazi ya kuangalia mvuke na kukuambia ukikoma, lakini mikono yake ikae mbali, chuma hicho kinaunguza vibaya. Rojo likibaki, lipike lote asubuhi hiyohiyo, na wafo zilizopoa zitapashwa kwenye mashine wakati wa chai ya saa kumi.

Huna haja ya kununua vyombo. Mwiko wa marehemu mama, kama bado uko jikoni, unatosha kwa kukoroga, na sufuria ile ya ugali ndiyo saizi yake. Dukani uagize hamira tu, na bekingi soda.